Kuweka nyutro mteremko wa Isyonje kwenda Kiwira, kweli kunaokoa mafuta?

Kijana wa Uyole
Habari za jioni wakuu. Natumia IST cc 1300 otomatiki, mizunguko yangu mingi ni Mbeya–Tukuyu–Kyela na kurudi. Kila EWURA, wale wanaopanga bei kikomo za mafuta, wakitoa bei ile Jumatano ya kwanza ya mwezi naangalia ya Mbeya naona iko juu ya Dar, na mimi hela yote inaishia sheli. Kuna madereva wananiambia nikishapita Isyonje niweke nyutro gari iserereke yenyewe hadi Kiwira eti hapo injini hainywi kitu, wengine wanakataa kabisa. Halafu asubuhi huwa naiwasha naiacha ingurume kama robo saa ndo natoka, si mnaijua baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba. Nataka kupunguza mafuta na moshi pia. Wenye ujuzi naombeni msaada.

Fundi Mwanjelwa
Mkuu nyutro achana nayo kabisa, na sisemi kwa kukutisha. Gari yako ni ya nozo, yaani vile vipua vinavyopuliza mafuta kwenye injini kwa amri ya kompyuta, siyo kabureta. Ukiwa kwenye gia ukaondoa mguu kwenye mafuta huku matairi yanaizungusha injini, kompyuta ya gari inafunga nozo, yaani hapo hakuna hata tone linaloingia hadi mzunguko ushuke chini au ukanyage tena. Ukiweka nyutro injini inabaki haina wa kuizungusha, kwahiyo ili isizime lazima inywe mafuta, na injini ndogo kama hiyo ikinguruma tu inakula kama nusu lita kwa saa au zaidi. Kwahiyo anayekwambia nyutro inaokoa, kwenye mteremko mrefu kama huo ni kinyume chake.

Na hapo sijagusa breki. Ukiwa nyutro mzigo wote unabebwa na breki, zinapata moto, ukikanyaga pedeli unaona inazama gari haishiki. Pale chini Kiwira kuna watu, kuna bodaboda, kuna watoto wa shule. Zima O/D (overdrive, ile gia ya juu kabisa ya otomatiki), ikizidi kukimbia punguza mwendo kwanza ndo uweke 2, injini yenyewe itaishika.

Kuhusu kunguruma asubuhi, robo saa ni nyingi mno. Nusu dakika inatosha halafu ondoka taratibu usiivute resi hadi ipate joto, maana injini inapata joto haraka ikitembea kuliko ikisimama.

Mzee wa Kitonga
Naunga mkono fundi. Sisi wa magari makubwa tuna msemo, gia uliyopandia ndo ya kuteremkia. Ukishuka mlima Kitonga unazisikia harufu breki za waliotangulia, gari inafuka kwenye matairi ya nyuma na kona bado zinakuja. Vijana wanaozima hadi injini ili wabane mafuta ndo wananiumiza zaidi, breki inakuwa ngumu na usukani unakuwa mzito hapohapo unapouhitaji.

Nyongeza kwa wenye dizeli, ule moshi mweusi mnaoutoa mkipanda ni mafuta yenu hayajaungua vizuri. Huku juu hewa ni nyepesi, Mbeya mjini ni kama mita 1,700, injini isiyo na tabo (kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini) inapungua nguvu kabisa, sasa dereva anakandamiza hadi mwisho, mafuta yanazidi hewa, gari haiongezi kasi na mama anayeuza ndizi kando ya barabara anavuta ule moshi wote. Safisha kichujio cha hewa, pima nozo, panda na gia nyepesi.

Dada wa Kihesa
Mimi naongezea la mwendo maana watu wanaliruka. Upepo unaokuzuia ukiwa 110 ni karibu mara mbili ya ukiwa 80, na pale tambarare ya Chimala na Igawa kila mtu anataka 110 halafu anafunga breki kwenye kibao cha 50 sababu ya tochi ya trafiki ya kupima mwendo. Kila ukifunga breki mafuta uliyochomea ule mwendo yameenda bure. Ukikiona kibao au tuta kwa mbali achia mafuta mapema, gari ijipunguze yenyewe, hapo nozo zimefunga kama alivyosema fundi.

Na lita 1 ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, dizeli kama 2.7, maana kaboni inaungana na oksijeni ya hewani, ndo maana uzito unazidi wa mafuta yenyewe. Kwahiyo lita unayobana unaibania mfuko na hewa pamoja. Upepo wa matairi pima asubuhi yakiwa ya baridi, kipimo kimebandikwa mlango wa dereva. Keria kama haina mzigo itoe juu.

Kijana wa Uyole
Nimewaelewa sana, asanteni. Fundi, na wakati wa kupanda kutoka Kiwira kurudi Isyonje O/D niiache au nizime? Gari inabadilisha gia kila mara.

Fundi Mwanjelwa
Ikianza kubadilisha hivyo zima, itulie kwenye gia moja, na mguu uwe mmoja tu usipampu pampu. Usilazimishe 80 kwenye mlima, nenda na 50 au 60. Ukifika juu barabara ikinyooka irudishe, wengi wanaisahau injini inazunguka juu hadi Uyole.