Lori la kijeshi kwenye picha ya Kongwa, 1948: Ford au Chevrolet?

Mtunza Albamu

Wakuu, salaam. Nina picha nyeusi na nyeupe ya sentimita 6 kwa 9. Nyuma imeandikwa kwa kalamu "Kongwa 1948", kwa hiyo ni enzi za mradi wa karanga wa Waingereza hapo Tanganyika. Lori linaonekana kwa ubavu, limegeukia kamera kidogo, usukani kulia. Pua yake ni fupi na butu. Kioo cha mbele ni vipande viwili na kimeinama kinyume, juu kumetangulia mbele kuliko chini. Mbele ya rejeta kuna wavu, ila jina halisomeki. Mmoja ameniambia ni Bedford, mwingine Chevrolet. Nataka maelezo ya chini ya picha yawe sahihi. Nianzie wapi?

Fundi Chesi

Bedford iondoe. Bedford za jeshi za vita ile, OY na MW, zina boneti pana iliyolala bapa, na QL haina pua kabisa. Pua fupi pamoja na kioo kilichoinama kinyume ni lori la CMP, yaani muundo wa jeshi la Kanada, kebini namba 13, iliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1941 hadi vita vilipokwisha 1945. Kioo kiliinamishwa hivyo ili jua lisimchome dereva machoni na mng'aro usionekane na ndege za adui. Kebini 11 na 12 zilizotangulia zina kioo kilichosimama.

Ugumu unaanzia hapo. Ford ya Kanada kule Windsor na General Motors kule Oshawa walitumia kebini hiyo hiyo, na malori ya CMP yalifika zaidi ya 400,000. Kwa hiyo angalia wavu. Karibu Chevrolet zote zina matundu ya umbo la uru, lile la karata, au kashata iliyokatwa mshazari. Za Ford zina matundu ya mraba ulionyooka. Jina la kampuni hukaa juu ya wavu upande wa kushoto, nalo kwenye picha nyingi limefunikwa na rangi au vumbi.

Kongwa yenyewe haikusaidii kujua kampuni. Mradi ule ulinunua sana mitambo na magari yaliyobaki vitani, kutoka sehemu mbalimbali.

Meza ya Skana

Kabla hujahesabu matundu, skani upya. Tuseme wavu una upana wa milimita 4 kwenye karatasi. Kwa DPI 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, unapata pikseli 47 tu, na matundu yote yanageuka ukungu. Kwa DPI 1200 unapata karibu 189. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopoteza undani wa picha, na usiguse kitufe cha kunoa picha.

Kuna mitego miwili inayowapoteza watu kila siku. Picha iliyopita WhatsApp imebanwa kwa JPEG, na JPEG hukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8. Miraba hiyo ikiangukia kwenye wavu, Chevrolet inageuka Ford. Picha iliyokatwa gazetini nayo ina nukta za uchapaji, ambazo kwa kawaida hupangwa kwa pembe ya nyuzi 45, na hapo Ford inageuka Chevrolet. Kipimo chake ni rahisi: kuza sehemu ya anga tupu. Ukiona mchoro ule ule angani, basi si wavu.

Hakikisha pia negativu haikugeuzwa wakati wa kusafishwa. CMP zote zina usukani kulia, kwa hiyo ukiuona kushoto, picha imepinduliwa.

Fundi Chesi

Ukishapata kampuni, tafuta modeli. Herufi ya kwanza ni C kwa Chevrolet na F kwa Ford. Namba ni uzito wa mzigo kwa handredweti (20 ni tani moja), kama 15, 30, au 60, ambayo ni tani 3. Kwenye tani 3, S ni chesi (fremu ya chini ya lori) fupi na L ni ndefu. Umbali kati ya vitovu vya magurudumu, mbele hadi nyuma, ni karibu inchi 158 kwa 60L, 134 kwa 60S, na 101 kwa zile fupi za C15A na F15A.

Tumia tairi kama rula. Tairi ya modeli za 60 ni 10.50-20, yaani upana inchi 10.50 na ringi inchi 20, nayo ina kimo cha karibu inchi 42. Gawa umbali wa vitovu kwa kimo cha tairi: 60L hutoa kama 3.8, na 60S kama 3.2. Pima kimo cha tairi zote mbili za upande huo kisha chukua wastani, maana ya karibu na kamera huonekana kubwa. Lori likiwa limegeuka, umbali wa vitovu hufupika lakini kimo cha tairi hakipungui, kwa hiyo jibu lako litakuwa dogo kuliko ukweli. Baada ya vita wengi walifunga tairi za saizi nyingine. Ukishuku hivyo, pima ringi badala ya tairi: inchi 20, ukiongeza inchi moja au zaidi kila upande kwa ajili ya mdomo wake.

Mtunza Albamu

Nimeskani kwa 1200. Anga ni safi, na wavu ni wa mraba. Wastani wa tairi ni pikseli 322, vitovu 1,160, yaani 3.6. Ubavuni mwa boneti, chini ya rangi mpya, kuna kivuli cha "L" na tarakimu ambazo hazisomeki.

Fundi Chesi

Hiyo L ni ya namba za jeshi la Uingereza: L ni lori, Z ni gari dogo la mzigo usiofika tani moja. F15 imetoka. Kwa kuwa lori limegeuka kidogo, 3.6 inaelekea 60L, na 60S yenye tairi hizo haiwezi kufika hapo. Kinachobaki ni F30: ina inchi 134 lakini tairi zake ni 10.50-16, zenye kimo cha karibu inchi 38, na hiyo hutoa 3.5. Linganisha kipenyo cha ringi na kimo cha tairi. Ringi ikizidi nusu ya tairi kidogo tu, ni ya inchi 20. Ikiwa chini ya nusu, na ina duara la nati nyingi karibu na ukingo, ni ya 16.

Mtunza Albamu

Ringi ni pikseli 172 kwa tairi ya 322, na ukingoni hakuna nati. Naandika: "Ford F60L, muundo wa jeshi la Kanada, kebini 13, Kongwa, 1948." Ahsante sana, mkuu.