Wakuu, kwa nini .375 H&H haichuji? Nachagua bunduki ya nyati

Mninga: Habari zenu wakuu. Natafuta bunduki moja ya kazi zote Tanzania, kuanzia swala pala hadi nyati. Nimebaki na aina tatu za risasi za kuchagua: .375 H&H, .375 Ruger na 9.3x62. Kwa maandishi Ruger ni ya kisasa zaidi, ila kila kambi ni H&H tu, risasi ya mwaka 1912! Ni ubora au mazoea? Na mtu wa kilo 65 atalimudu teke lake?

GandaTupu: Si mazoea matupu mkuu. Holland & Holland wa London walipoitoa, baruti ilikuwa kordaiti, ambayo ikipata joto la jua la huku mgandamizo wake unapanda sana. Ndiyo maana ganda ni refu na linapungua unene taratibu kuelekea mbele: hata likivimba, linachomoka kwenye chemba. Tatizo, bega la ganda (pale linapobanwa kuelekea kwenye kichwa) likiwa na mteremko namna hiyo halishiki vizuri, risasi ingezama kupita kiasi. Wakaweka mkanda, yaani pete iliyoinuka, kwenye kitako cha ganda. Wengi hudhani mkanda unaongeza nguvu. Kazi yake ni kuzuia tu.

Kichwa cha gramu 19.4 kinakwenda kama mita 770 kwa sekunde. Kinampenya nyati, na teke bado linavumilika. Winchester walipoiweka kwenye bunduki yao ya Model 70 mwaka 1937, ikaacha kuwa bunduki ya matajiri. Halafu nchi nyingi za uwindaji Afrika zikaifanya .375 kuwa kima cha chini kwa wanyama hatari. Sheria ikishataja namba, duka nalo litaiweka namba hiyohiyo.

BoltiNgumu: Msiisahau 9.3x62 jamani. Otto Bock, fundi wa Berlin, aliitengeneza mwaka 1905 iingie kwenye bunduki ya kawaida ya Mauser 98, kwa hiyo walowezi wa makoloni ya Ujerumani, Tanganyika ikiwemo, wakapata bunduki ya maana kwa bei nafuu. H&H nzima, ganda na kichwa, ina urefu wa milimita 91, ilidai bolti (kile chuma unachovuta kuingiza risasi) ndefu ya gharama. Umaarufu wa risasi mara nyingi huanzia kwenye bunduki inayoibeba.

Nguvu: 9.3 ni kama jouli 4,800, H&H kama 5,700. Nyati hatajua tofauti. Afisa wa wanyamapori atajua, maana .375 ni milimita 9.5, na 9.3 iko chini yake. Uliza kibali kinasemaje kabla hujalipa hata shilingi.

FimboTatu: Ruger ya 2007 kiufundi ni safi: haina mkanda, ganda milimita 65.5, inaingia kwenye bolti fupi zaidi, ya urefu wa risasi ya kawaida ya .30-06. Lakini ndege hukuruhusu kilo 5 za risasi, na boksi likipotea njiani, kambini utaazimwa H&H, si Ruger. Chukua H&H.

Ubaya wake ni ule urefu. Mtu akiwa na haraka anavuta bolti nusu, ganda tupu linabaki ndani, risasi mpya inaligonga, bunduki imekwama na nyati anakuja. Fanya mazoezi na risasi bandia, bunduki ikiwa begani, mpaka mkono uvute hadi mwisho wenyewe.

Teke: bunduki na darubini zifike kilo 4.5, jicho likae sentimita 9 au zaidi kutoka kwenye darubini, la sivyo nyusi itapasuka. Usipige ukiwa umelala. Simama na fimbo tatu za kuegemeza bunduki, mita 50, risasi 10 kwa siku basi. Ukianza kufumba macho kabla ya mlio, rudi kwenye bunduki ndogo ya .22.

Mninga: Asanteni. Na maganda yaliyojazwa upya?

GandaTupu: Hapo mkanda ndio unaoponza. Ukilibana ganda zima kila mara ili lirudi umbo lake, bega linarudi nyuma, linatanuka tena likipigwa, mwisho linakatika juu kidogo ya mkanda. Rudisha bega kidogo tu, kama milimita 0.05. Kisha kunja ncha ya waya mwembamba, ipitishe ndani ya ganda ukiikwaruza ukutani. Ikikwama kwenye mfereji karibu na kitako, ganda hilo tupa.