Ushauri: Nimepewa kazi ya kusambaza linki ya kukusanya taarifa za wanafunzi hapa Mwanza. Niichukue?

Kijana_wa_Igoma

Wakuu, habari za jioni.

Nimemaliza chuo, na kwa sasa namsaidia shangazi kuuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, huku nikisaka ajira. Wiki hii nimeitwa na kampuni moja ya matangazo (jina naliacha). Kazi yenyewe ni kusambaza linki kwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Kila anayejaza fomu mpaka mwisho, mimi napata shilingi 500 na yeye anapata bando. Wanataka nianze na magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi, halafu mwisho wa wiki niende kwenye mabonanza ya mpira.

Hela naihitaji, sifichi. Ila niliifungua ile linki nikaipitia yote. Inaanza kwa upole: jina, na unashabikia timu gani. Ukurasa wa pili unataka tarehe ya kuzaliwa, shule, kidato na mtaa unaokaa. Wa tatu unataka namba yako, namba ya mzazi, kazi ya mzazi, na kwa wiki unanunua bando la shilingi ngapi. Hapo katikati simu inauliza kama unaruhusu ijulikane ulipo. Chini kabisa kuna kiboksi cha kukubali masharti, na kimeshawekwa tiki kabla hujagusa chochote. Masharti yako kwa Kiingereza, maandishi madogo ya kijivu, na humo wamesema taarifa zinaweza kupewa kampuni nyingine. Zipi, hawajasema.

Nina mdogo wangu yuko kidato cha pili. Nikifikiria kumtumia yeye hii linki, moyo unasita. Nipeni ushauri.

Igogo_Kwetu

Piga kazi mdogo wangu. Hao watoto wako TikTok na Instagram, taarifa zao wameshazimwaga wenyewe. Usipochukua wewe, kesho asubuhi anachukua mwingine, na wewe unabaki kupima dagaa.

Mama_Buhongwa

Igogo, hapo sikubaliani nawe kabisa.

Mimi nilipigiwa simu mchana, mtu anaongea kwa haraka kama mwalimu aliyechanganyikiwa: "Mama, mwanao ameanguka darasani, tuko njiani kwenda Bugando, tuma laki na nusu aanze kuhudumiwa." Alitaja jina la mtoto, shule na kidato. Vyote sahihi. Kilichoniokoa ni kwamba siku hiyo mtoto alikuwa na homa, amelala chumba cha pili. Angekuwa shule, ningetuma, wallahi ningetuma hata kwa kukopa.

Nilipomuuliza mwanangu akasema aliwahi kujaza fomu ya kupata bando la bure. Siwezi kuapa kwamba ndiko zilikotoka, lakini alivyotaja yule tapeli ndivyo vilevile mtoto alivyojaza. Mwanangu wa Igoma, jina la mtoto, shule na namba ya mzazi havitakiwi kukaa kwenye karatasi moja mikononi mwa watu tusiowajua.

Sato_wa_Ukerewe

Nimefanya kazi ya kutuma meseji za matangazo, naomba nieleze upande wa ndani.

Namba tupu haina bei kubwa. Bei inapanda namba ikiwa na umri, mtaa na matumizi. Swali la bando la wiki si la kujaza nafasi, linawaambia nani ana hela ya mfukoni. Kazi ya mzazi inawaambia nyumbani kuna uwezo gani. Baada ya hapo orodha inagawanywa, na ileile inaweza kwenda kwa muuza vipodozi, kwa watu wa kubeti na kwa watu wa mikopo ya mtandaoni. Leo kijana ana miaka 17, hawamgusi. Akitimiza 18 meseji ya mkopo inamfikia siku hiyohiyo, maana tarehe wanayo.

Na hiyo tofauti na TikTok ambayo Igogo haioni: hapa mtoto anaamini kwa sababu linki imetoka kwako, kaka wa mtaani anayemfahamu. Ndiyo maana wanakulipa wewe.

Wakili_CapriPoint

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Anayekusanya taarifa anatakiwa awe amesajiliwa Tume, aseme anazitaka kwa kazi gani na nani atazipokea, na asichukue zaidi ya zinazohitajika.

Taarifa zinazohusu watoto sheria imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na za fedha na za alama za vidole. Hizo zinahitaji ridhaa ya maandishi, na mtoto kwetu ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Tiki waliyoiweka wenyewe kwenye fomu ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza si ridhaa.

Wakubwa nao wamebanwa huko nje. Septemba 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto bila ruhusa ya wazazi. Sheria yao inalinda walio chini ya miaka 13 tu.

Dogo, una mkataba?

Kijana_wa_Igoma

Sina, wakili. Ni makubaliano ya mdomo. Leo nimempigia msimamizi nikamuuliza kuhusu usajili wa Tume, akasema hayo ni mambo ya makao makuu, mimi nihangaike na idadi.

Wakili_CapriPoint

Basi likitokea la kutokea, mzazi atakutafuta wewe.

Sato_wa_Ukerewe

Jaribu njia hii kabla ya kukataa. Mwambie utafanya na wanachuo tu, waliotimiza 18. Malimbe kumejaa hosteli za wanafunzi wa SAUT, watu wazima wanaojiamulia. Namba ya mzazi na kazi yake viondoke, tiki aweke mtu mwenyewe, masharti yawe Kiswahili. Kama kweli wanatafuta soko, watakubali. Wakikomalia watoto wa sekondari, umeshajua wanachotafuta.

Kijana_wa_Igoma

Nimemwandikia hivyohivyo, na nimeomba barua yenye namba ya usajili. Ameisoma, hajajibu. Bila hayo siendi, nimeshamwambia na shangazi.

Mama_Buhongwa

Mungu akubariki baba. Wakili, na sisi ambao watoto wetu walishajaza?

Wakili_CapriPoint

Mama, waandikie kampuni kwa maandishi: waache kutumia taarifa za mtoto kwa matangazo na wazifute. Haki hiyo unayo kisheria. Tunza nakala, piga picha za skrini za fomu na meseji. Wakikaa kimya, peleka malalamiko Tume. Namba ya yule tapeli itume kwenda 15040.