Kikundi chetu cha avenyu hapa Katuba: tunaweza kuendelea bila prezida?

MamaBahati_Katuba
Jambo wote. Niko Lubumbashi, Kongo, komini ya Katuba. Naomba ushauri wa watu waliowahi kukaa katika kikundi kisicho na mkubwa.

Mvua zilijaza mchanga na taka kwenye mfereji wa avenyu yetu hadi maji yakaingia ndani ya parsele, viwanja vya nyumba zetu. Hakuna aliyetutuma. Asubuhi moja mama anayeuza unga kwenye kona alitoka na beleshi akaanza kuzibua mbele ya kwake, kijana fundi wa kuchomelea akamfuata, na kufikia mchana avenyu nzima ilikuwa nje. Tangu hapo tunakutana kila Jumamosi jioni kwetu, chini ya mwembe. Kikao cha kwanza niliomba kila mtu aseme kitu kimoja ambacho hayuko tayari kukiacha maishani. Mama wa unga akasema: "Mtu wa avenyu hii asizikwe kwa aibu." Fundi: "Watoto wasivuke maji ya choo kwenda masomo." Mjane mmoja ambaye huwa hasemi kitu: "Nikiugua usiku, nijue nitabisha mlango gani." Tuliandika yote kwenye daftari na kazi zikatokea humohumo. Wa kilio wakakaa pamoja, wa mfereji pamoja, wa wagonjwa pamoja. Hakuna aliyepangiwa.

Sasa wazee wanasema lazima tuchague prezida, makamu, katibu na mweka hazina. Nawaheshimu. Lakini komite za namna hiyo nimeziona: siku ya uchaguzi watu wanapiga makofi, kisha kila mmoja anarudi kwake kumsubiri prezida afanye. Sitaki tupoteze ule moyo wa siku ya mfereji. Pesa ashike nani? Asiyekuja kabisa afanywe nini? Na shefu wa avenyu tumweleze vipi asione tunamnyang'anya kiti?

Kalonji_Kampemba
Mama Bahati, mimi niko upande wa wazee. Kazi ya watu wote mwishowe inakuwa haina mwenyewe. Siku komini wakiuliza nani anahusika, mtajibu "sisi sote"? Watawacheka, na mfereji utabaki vilevile.

MzeeWaKolwezi
Binti yangu, hili kwetu Katanga si geni. Miaka ya 1950, kule Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa migodi, Jamaa, harakati ya Wakatoliki, ilizaliwa kwa mafundisho ya padri Mbelgiji, Placide Tempels. Wazazi wangu walikuwemo. Hakukuwa na kadi ya uanachama wala kumpigia mtu kura awe prezida. Walishikana kwa mambo matatu, nao waliyasema kwa Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Mume na mke waliingia pamoja, wakaitwa baba na mama. Ufikirie wakati wenyewe: nyumba ilitoka kwa kampuni, posho kwa kampuni, dispensari kwa kampuni, hata masomo ya watoto. Kila kitu kilishuka kutoka juu. Ndani ya Jamaa mfanyakazi wa mgodi aliulizwa anaishije na mke wake, anawaza nini, anampenda nani. Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962 na Jamaa ikaendelea kuenea bila yeye.

Lakini nikuambie na upande wa pili, maana sitaki ubebe nusu. Pale ambapo hakuna cheo, waliotangulia ndio waliosikilizwa. Aliyefundishwa mapema alimwongoza aliyechelewa, na mgeni hakujua kwa nini neno la fulani linapita neno lake. Mkubwa uliyemchagua unaweza kumtoa. Huyu ambaye hakuchaguliwa na mtu, utamtoaje? Vikao ni kwako, mwembe ni wako, daftari nadhani liko kwako pia. Jiangalie, mwanangu.

Kuhusu shefu: usimpelekee barua. Nenda kwake nyumbani kabla ya Jumamosi, umuulize lile swali mliloulizana wenyewe. Naye ana kitu asichotaka kukiacha.

Furaha_Goma
Mzee amesema. Yaya Bahati, mimi ni wa Goma, Majengo. Mwaka 2012 vijana wa hapa walianzisha LUCHA, harakati ya kudai mabadiliko, wakidai maji na kazi bila kumgusa mtu kwa fimbo, na wakachagua kutokuwa na prezida. Mimi si mwanachama wake, ila kwetu kartiye tulijifunza kwamba kukosa prezida si kukosa utaratibu. Anayeongoza kikao tunambadilisha kila mara, na siku hiyo hatoi maoni yake. Kazi yake ni kumpa neno asiyesema.

Kura pia tuliacha. Tulipopiga kura, wanaume wa mstari wa mbele walishinda kila mara na akina mama wakaacha kuja. Siku hizi tunauliza: nani hawezi kabisa kuishi na uamuzi huu, na kwa nini? Akiwepo hata mmoja, tunamsikiliza hadi mwisho na kurekebisha. Vikao vinakuwa virefu, sikufichi. Lakini tukishaamua, watu wanakuja kufanya.

MamaLikelemba_Bukavu
Mimi naongea pesa tu. Mapendo hayahesabu franga. Tafuteni sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wa nyumba tofauti, na sanduku lenyewe likae kwa mtu wa nne asiye na ufunguo. Linafunguliwa mbele ya kikao, pesa zinahesabiwa kwa sauti, kiasi kinasemwa na wote wanakikariri kabla ya kufunga. Kikao kinachofuata, mnaanza kwa kuuliza: tuliacha kiasi gani? Hata asiyejua kusoma anakuwa mkaguzi. Kwetu Kadutu tunafanya hivyo na hatuna mweka hazina.

Maître_K
Kwa ndugu Kalonji. Kikundi cha majirani kinaweza kukaa kama kilivyo. Mkitaka haki za kisheria za shirika lisilo la faida, hapo kuna sheria ya Kongo namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Inadai katiba iliyoandikwa, mkutano mkuu, chombo cha uongozi na cha ukaguzi wa hesabu. Hata hivyo, katiba mnaiandika nyinyi. Mnaweza kuweka muda mfupi wa kukaa madarakani na kuacha maamuzi mengi kwa mkutano mkuu.

MamaBahati_Katuba
Aksanti sana, na hasa kwako, Baba wa Kolwezi. Daftari liko kwangu kweli. Jumamosi litahamia kwa mjane, na kikao kitahamia kwa fundi. Sanduku fundi atalitengeneza mwenyewe.

Kwa shefu nilienda jana jioni. Alinyamaza muda, akasema anachotaka ni vijana wasikatane visu usiku kwenye kona ya baa. Nimeandika jina lake kama ya wengine. Ameuliza kikao ni saa ngapi.

Limebaki la asiyekuja. Kuna nyumba moja haijagusa beleshi na wanasema wazi hawatakuja. Wengine wanataka kilio kikitokea kwao tusiende.

Furaha_Goma
Yaya, msianze na kilio. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza watu wanaotunza maji na misitu yao wenyewe. Aliona kwamba vikundi vinavyodumu vinaanza na adhabu ndogo sana, na wenyeji ndio wanaoitunga. Kwanza atumwe mtu mmoja wanayemwamini, akawaulize wanataka nini.

Kalonji_Kampemba
Mimi bado nasema mtahitaji mtu wa kusaini. Lakini kwa kilio nendeni. Mama wa unga alisema mtu wa avenyu, hakusema mtu wa kikundi.

MamaBahati_Katuba
Ndugu Kalonji, hilo nitalisema Jumamosi kwa jina lako. Mama wa unga ndiye atakayetumwa kwenye nyumba ile. Wananunua unga kwake.