Tupeane uzoefu: Kugeuza nyasi za ua kuwa bustani ya mboga kwa gharama ndogo

Mpangaji wa Nakuru
Hamjambo wenzangu. Naomba kila aliyejaribu jambo hili atueleze yaliyompata yeye mwenyewe. Mimi, baada ya kuruhusiwa na mwenye nyumba, nilimlipa kijana alime kipande cha hatua nne kwa tatu, nikapanda sukuma wiki mvua ya Machi ilipoanza, na kufikia Mei nilikuwa na nyasi nyingi kuliko mboga. Nyasi za kikuyu hutambaa juu na chini ya udongo, na kipande kilichokatwa na jembe kikiwa na kifundo huchipua upya. Kwa hiyo kijana yule alinipandia nyasi bila kujua, nami nikamlipa ujira.

Msimu uliofuata sikulima. Nilizifyeka nyasi hadi zikawa fupi kabisa, nikamwagia maji, kisha nikatandaza katoni nilizopewa bure dukani, baada ya kuzibandua utepe wa plastiki, kila moja ikiilalia nyenzake kwa upana wa kiganja, kwa kuwa penye ufa wa mwanga ndipo nyasi hutokea. Nilizilowesha tena, nikaweka juu yake samadi iliyooza na udongo, unene wa shibiri moja, kisha nikapanda miche. Nilichonunua ni samadi na miche tu.

Nyanya wa Kisumu
Mwanangu, umefanya vyema, lakini huku kwetu katoni zako zingeliwa na mchwa kabla nyasi hazijafa. Mimi niliongeza tabaka la pili, na hata hivyo ilinibidi kukagua kila wiki. Tena udongo wetu mweusi hushika maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, hivyo niliinua tuta na kulizungushia mawe, maana mwaka wa kwanza miche yangu ilioza mizizi ikiwa imesimama ndani ya maji. Kabichi niliiacha kwa sababu ya joto. Saga (mgagani), kunde na terere (mchicha) hustawi hapa bila kubembelezwa, na terere nilianza kuichuma kabla ya mwezi kwisha.

Mwalimu wa Kakamega
Mimi sikuwa na samadi ya kutosha kufunika ua wote. Nilitoboa katoni mahali patano, nikachimba mashimo, nikayajaza samadi na kupanda maboga. Mashina yake yalitambaa na kufunika kila kitu, nasi tukawa tunakula majani yake, yaani seveve, huku tukisubiri maboga yenyewe.

Mpangaji wa Nakuru
Asante, Nyanya, hilo la mchwa sikulifikiria. Mwalimu, je, nyasi hazikurudi kutoka pembeni? Kwangu zilirudi.

Mwalimu wa Kakamega
Zilirudi. Sasa nina mfereji mwembamba wenye kina cha jembe kuzunguka kipande chote, na kila Jumamosi ninakata kinachojaribu kuuvuka.

Nyanya wa Kisumu
Na samadi mbichi msiitumie. Nilipewa ya kuku ikiwa bado inawasha pua, nikaichanganya siku hiyohiyo, na majani ya miche yote yakaungua kuanzia ncha. Sasa huilundika, nikaifunika kwa gunia na kuigeuza mara kwa mara, wala siigusi hadi ipoteze ule ukali wa harufu na ionekane kama udongo.