Kuishi kwenye RV peke yangu na mbwa wawili, kazi za mikataba: vani, Class C au trela?

BintiMufindi:
Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni muuguzi, naishi Marekani, na kuanzia mwakani naachana na nyumba za kupanga, nahamia kwenye RV, yaani gari au trela ya kuishi, moja kwa moja. Kazi zangu ni za mikataba ya wiki 13: ukimaliza hospitali hii unahamia jimbo jingine. Kila nikihama shida ni ileile, wenye nyumba hawataki mbwa, na wachache wanaowakubali wanaishia kilo 10. Wangu ni wawili. Jike mkubwa wa kilo 30, mchanganyiko wa pit bull, na dume mzee wa miaka 11 mwenye ugonjwa wa moyo, anameza vidonge asubuhi na jioni. Kuwagawa sitaki hata kusikia, kwa hiyo tusipoteze muda huko.

Bajeti ni dola 55,000 kwa kila kitu. Nimebakiza machaguo matatu, yote mtumba:
- vani iliyogeuzwa nyumba (Class B)
- motohomu ya Class C, ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, futi 24 hadi 26
- trela ya futi 22 hivi pamoja na pikapu ya kuivuta

Nitakuwa peke yangu. Zamu zangu ni za saa 12, siku tatu kwa wiki. Nani ameishi hivi na mbwa? Wikendi najua wengi mmefanya, nauliza kuishi.

Mzururaji254:
Karibu dada. Mimi niko kwenye vani na mbwa mmoja na sina mpango wa kubadilisha. Unaegesha kila mahali gari la kawaida linapoegeshwa, na ulaji wa mafuta ni mdogo: galoni moja inakupeleka maili 15 au zaidi, wakati Class C nyingi zinacheza kati ya 8 na 10.

Na kwa mtu aliye peke yake kuna jambo kubwa. Usiku ukisikia mtu anazungukazunguka nje, unatoka kitandani, unakaa kwenye usukani, unawasha, unaondoka. Mlango hufungui. Kwenye trela lazima ushuke, utembee gizani hadi kwenye pikapu, tena umeshika mbwa wawili.

Kasoro ni nafasi. Mbwa wa kilo 30 akijinyoosha sakafuni, jikoni hufiki mpaka umruke. Na kwa 55,000 vani utakayopata ni ya zamani, au mtu aliijenga mwenyewe gereji kwake, hapo kagua nyaya zote.

Nyota_ya_Pwani:
Mwanangu, kabla hujalinganisha magari, hesabu saa. Zamu ni ya saa 12, weka kwenda na kurudi, weka na kukabidhi wagonjwa: mbwa watakuwa peke yao saa 13 au 14. Gari unalinunua kwa ajili ya saa hizo. Kwa mikataba ya wiki 13 utahama kama mara nne kwa mwaka. Siku nyingine zote nyumba yako imesimama, na siku za zamu wewe uko wodini, wao wako ndani.

Jambo linaloua mbwa ni joto. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, AVMA, kina jedwali linalopaswa kubandikwa kwenye kila dashibodi: nje kukiwa na nyuzi 24 tu, hali ya hewa ambayo sisi tungeiita nzuri, ndani ya gari lililofungwa joto linafika 34 kwa dakika 10 na 43 kwa nusu saa. RV ina kuta nene kuliko gari dogo, lakini ni boksi lile lile juani.

Sasa chukua vani. Kiyoyozi cha paa kinakula kama wati 1,300. Betri za lithiamu za amp-saa 400 kwa volti 12 zinabeba kama kilowati-saa 5. Gawanya mwenyewe: kikifanya kazi mfululizo hazifiki saa nne. Kuna watu wanaegesha vani kwenye maegesho ya hospitali na mbwa ndani kwa kutegemea sola. Kwa zamu ya saa 12 mimi siwezi kukushauri hivyo, na kwa mzee mwenye moyo mbovu ndiyo kabisa.

Kaka Mzururaji anasema kweli kuhusu usalama wa usiku, lakini yeye anafanyia kazi ndani ya vani. Mbwa wake haachwi.

Ndiyo maana mimi niko kwenye trela. Naichomeka kwenye umeme wa kambi ya RV, amp 30 au 50, nawasha kiyoyozi, nachukua pikapu naenda zangu. Nyumba haisogei, mbwa hawabadilishiwi mazingira kila siku, na mzee anajua kona yake iko wapi.

DerevaMasafa:
Dada, heshima kwa Bi Nyota, ila hapo kwenye umeme wa kambi ngoja niongeze jambo. Umeme wa kambi unakatika. Julai kila mtu amewasha kiyoyozi, volti zinashuka, swichi ya kwenye nguzo inaruka. Wewe uko chumba cha dharura na mgonjwa, trela imezimika saa saba mchana.

Class C nyingi zinakuja na jenereta yake ya wati 4,000, imefungwa chini, inakunywa kwenye tangi lile lile la gari. Unaweza kufungiwa kifaa cha kuiwasha chenyewe: umeme ukikatika au joto likipanda kupita ulipoweka, inajiwasha na kiyoyozi kinaendelea. Trela za kawaida hazina kitu hicho, na jenereta ya mkononi huwezi kuiacha nje inanguruma wakati haupo.

La kujua ni kwamba mpira wa kunyonya mafuta wa jenereta hauingii hadi chini ya tangi. Mafuta yakibaki robo, inazima ili usikwame njiani. Kwa hiyo jaza tangi kabla ya zamu. Na kabla hujaiamini na mbwa, hakikisha king'ora cha kaboni monoksidi kinalia, na bomba la moshi halina tundu wala halipulizi chini ya dirisha.

Tatizo la Class C kwako ni usafiri wa kwenda kazini. Ama uchomoe nyumba kila siku ya zamu, ama uvute gari dogo nyuma. Gari dogo, fremu ya kuvutia na breki zake, bajeti inatetemeka.

BintiMufindi:
Asanteni sana, hili la saa 14 limenikaa. Niongeze taarifa: mkataba wa kwanza naomba Tucson, Arizona, Januari hadi Aprili. Na nikiwa kwenye zamu siwezi kumwacha mgonjwa nikimbilie kambini, hata simu ikilia. Kwa hiyo king'ora cha joto kwenye simu yangu peke yake hakinisaidii.

Nyota_ya_Pwani:
DerevaMasafa umesema la maana na silipingi, umeme unakatika. Binti, king'ora nunua, kile chenye laini yake ya simu kisichotegemea Wi-Fi ya kambi, kwa sababu umeme ukikatika na Wi-Fi inakufa. Lakini kiandikishe namba mbili: yako na ya mtu aliye kambini. Mimi kila ninapofika, kabla sijafungua hata viti vya nje, natafuta jirani wa kudumu, mara nyingi mstaafu mwenye mbwa wake. Tunazoeana, mbwa wanamjua, nampa namba ya kufuli la mlango. Ukiwa na zamu, mlipe mtu wa kuwatoa adhuhuri hata kama umeme ni imara, saa 14 ni ndefu mno kwa mbwa kujizuia. Huyo wa adhuhuri ndiye anayegusa ukuta na kukuambia ndani kuna baridi au la.

Tucson Januari ni raha, usiku kuna baridi kweli. Mwishoni mwa Machi joto linaanza kupita 30, panga mapema. Ukiweza, omba zamu za usiku kuanzia hapo, ili jua linapokuwa kali uwe ndani nao.

Mambo mawili ya jangwa. Kuna mpungate unaitwa cholla, vipande vyake vinadondoka na mbwa anavikanyaga. Usivute kwa vidole, vitakuhamia mkononi. Tembea na kitana kipana: kipenyeze kati ya kipande na ngozi, rusha mbali mara moja, kisha miiba iliyobaki itoe kwa koleo ndogo. Mbwa atataka kuing'oa kwa meno, mshike kichwa kwanza.

La pili ni kikohozi. Udongo wa Arizona ya kusini una fangasi aitwaye Coccidioides, mbwa anayechimba na kunusa anavuta mbegu zake. Dalili ni kukohoa, homa, kukonda, wengine kuchechemea. Mzee wako ana moyo, na moyo pia unaleta kikohozi. Mwambie daktari wa kwanza utakayemwona kwamba umetoka Arizona, hata kama uko Maine, maana kule huenda asiufikirie ugonjwa huo kabisa.

KijanaWaGoma:
Dada, jike wako ni pit bull, chunga sana hapo. Kambi nyingi za binafsi zina orodha: pit bull, Rottweiler, Doberman, hawaingii. Piga simu kabla hujalipa, taja aina yake waziwazi, na uombe jibu kwa maandishi. Mimi nilifika sehemu moja usiku, nimeshalipia mwezi mzima, wakaniangalia mbwa na kusema rudi ulikotoka, na pesa kuirudisha ilikuwa vita.

Swali la pili la kwenye simu: mbwa wanaruhusiwa kubaki ndani peke yao? Kambi nyingi za majimbo zinakataza kabisa, haijalishi kiyoyozi. Kwa kazi yako hiyo ni taa nyekundu.

Nyota_ya_Pwani:
Kweli kabisa. Na katikati ya mikataba, ukitaka kupumzika, tumia ardhi za shirikisho. Ardhi ya BLM, shirika la serikali linalosimamia ardhi za umma, na misitu ya taifa hawaulizi aina ya mbwa. Kawaida unaruhusiwa siku 14 halafu unasogea. Pale Quartzsite, Arizona, kuna maeneo ya BLM ya kukaa muda mrefu, msimu ni kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili, na kwa miaka mingi ada ya msimu mzima imekuwa dola 180. Hakuna umeme wa kuchomeka, ila uko nao mchana kutwa.

Hifadhi za taifa ni kitu kingine. Kamba isizidi futi 6, na njia nyingi za miguu mbwa hawaruhusiwi. Yellowstone huwezi kwenda nao kwenye njia ya miguu hata moja. Grand Canyon ukingo wa kusini wanaruhusiwa juu, kushuka chini hapana. Acadia kule Maine ndiyo yenye roho nzuri, ina njia nyingi za kutembea nao.

HesabuSafi:
Naingilia kwa sababu hakuna aliyegusa hela. Dada, posho zako za nyumba na chakula hazikatwi kodi kwa sababu una makao ya kudumu unayoyagharamia mahali fulani. Ukiacha nyumba na kuishi kwenye RV mwaka mzima bila makao hayo, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inakuhesabu mtu wa kuhamahama, na posho zote zinageuka mapato ya kukatwa kodi. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua gari lolote, inaweza kula maelfu kwa mwaka. Zungumza na mhasibu anayewajua wauguzi wa mikataba.

Pia leseni ya uuguzi ya majimbo mengi inafuata jimbo la makazi yako. Watu wa RV wanapenda South Dakota, Texas na Florida, na yote matatu yamo kwenye NLC, mkataba wa majimbo yanayotambua leseni hiyo. California haimo, kule utaomba leseni yake. South Dakota inakutaka uwe na anwani ya huduma ya barua na risiti ya kulala usiku mmoja jimboni. Na bima: waambie kwamba unaishi humo, bima ya RV ya mapumziko haitoshi.

ThelujiNaKanga:
Kwa wasomaji wa Ulaya, niko Ujerumani: hapa leseni ya B inaishia kilo 3,500, kwa hiyo motohomu yenye maji, mbwa na vyakula hupita uzito upesi. Ukivuka kwenda Norway au Finland, mbwa apewe dawa ya tegu na daktari aandike kwenye pasipoti yake, kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia.

BintiMufindi:
Nimekaa na mhasibu, nitabaki na chumba cha kupanga kwa dada yangu Texas, kwa kodi halisi ninayolipa. Vani nimeitoa. Class C naipenda kwa jenereta, lakini gari la kwenda kazini linanimaliza. Nimeelekea kwenye trela, na mtu wa adhuhuri nimemweka kwenye bajeti kama kodi ya nyumba. Jumamosi naenda kuangalia moja ya futi 22. Nikague nini?

DerevaMasafa:
Nimekubali, kwa kazi yako trela ni sawa. Anza na paa: panda ngazi, angalia silikoni kuzunguka matundu yote. Ingia ndani, bonyeza kwa kidole gumba kwenye pembe za dari na chini ya madirisha, ukuta ukibonyea kuna maji yameoza mbao. Kanyaga sakafu karibu na choo. Tairi zina namba inayoanza na herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2318 ni wiki ya 23 ya 2018, hizo tupa hata kama zinang'aa. Washa kiyoyozi saa nzima mbele ya muuzaji.

Halafu pikapu. Usisikilize tangazo la uwezo wa kuvuta, fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha mzigo unaobebeka. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela inakaa kwenye ndoano nyuma, na hiyo inahesabiwa kwenye mzigo pamoja na wewe, maji ya kunywa, na mbwa wote wawili, kwa sababu watasafiri kiti cha nyuma kwenye vizimba vilivyofungwa mikanda. Ndani ya trela inayotembea asiingie mtu wala mbwa.

Nyota_ya_Pwani:
Na mlango. Mpeleke yule mzee Jumamosi umwone anapanda ngazi. Zile za chuma za kukunja zina matundu, mbwa wazee wanazigomea. Akigoma, pima kimo cha mlango ujue urefu wa ubao wa kupandia utakaonunua.