Neno "run" linanitesa kazini, naombeni ushauri

BintiMoro
Wakuu habari za jioni. Mnivumilie uzi utakuwa mrefu kidogo. Mi ni binti wa Morogoro, nina miezi miwili sasa niko risepsheni kwenye hoteli moja huku kaskazini ya Unguja, bado niko probesheni. Kiingereza nilisoma shule kama wengine, na chuo tulifundishwa kupokea wageni na mambo ya malipo, hapo sina shida. Shida yangu ni neno moja tu, "run". Shuleni niliambiwa ni kukimbia, basi. Huku wageni hasa wa Uingereza hawamalizi dakika tano hawajalitaja na hakuna anayekimbia.

Juzi asubuhi mama mmoja kaja kaunta uso umemshuka, ananiambia mume wake "has got the runs". Mi nikajua katoka kukimbia ufukweni maana wengi wanakimbia asubuhi, nikatabasamu nikamwambia ni vizuri sana kwa afya. Akanitazama tu akaondoka. Baadae supavaiza ananiita ananiuliza kwanini mgeni anaharisha tangu usiku halafu mi namcheka mkewe. Jamani sijamcheka mtu. Niliumia sana kwasababu yule baba alikuwa anahitaji ORS na daktari mi nikampa tabasamu. Nimeomba msamaha wamenielewa, ila nimeambiwa ikijirudia nisitegemee kuthibitishwa.

Sasa naombeni ushauri, hili neno lina maana ngapi na nifanyeje nizijue zote? Nimeanza kuandika kwenye daftari nimefika 19 na kila siku inaongezeka.

Mdau_Chumbageni
Pole sana dada. Kuzijua zote achana nalo kabisa. Ile kamusi kubwa ya Oxford, sio hii ya wanafunzi, mhariri wao mmoja anaitwa Peter Gilliver alikaa na neno hilo moja miezi tisa akatoka na maana 645 za kitenzi peke yake. Kabla ya hapo lililokuwa linaongoza ni "set", toleo la 1989 lilikuwa na maana 430. Mtu ambaye hiyo ndio kazi yake katumia miezi tisa, we una mwezi mmoja wa probesheni umebaki. Chukua zile za hotelini tu.

MamaZuu
Nakazia hapo juu. Mi nimefanya hausikipingi miaka 11, nikupe nilizokuwa nazisikia kila wiki. Mgeni akisema "run me a bath" anataka umjazie maji kwenye lile bafu la kulala, sio umfungulie shawa. "We've run out of" kitu fulani, wameishiwa, peleka. "The tap is still running", bomba halijafungwa au limeharibika, mwite fundi. "I'm running a temperature" ana homa, hii usiichelewe hata dakika sababu huku kwetu ukisikia homa unawaza malaria kwanza mengine baadae. "Running late" anachelewa, kwaiyo kama kuna gari ya eapoti mwambie dereva asubiri. "Runny" kwenye mayai kiini bado kinamiminika, sasa sikiliza vizuri kama anayataka hivo au analalamika. Na "the colours ran", hii ukiisikia jua kuna kulipa, nguo imechuja dobi, mara nyingi ni shati jeupe limefuliwa na kanga mpya.

Ticha_Mstaafu
Binti yangu, nimefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi na kosa ulilofanya tulikufanyia sisi walimu. Tulikupa neno moja na maana moja.

Hebu jiulize, huyo mgeni akikuomba umfundishe "piga" utamwambiaje? Utamwambia ni kupiga mtu? Kesho yake atasikia piga simu, piga picha, piga pasi, piga mswaki, piga deki, piga hodi, piga kura, piga chafya, piga magoti, piga soga, na hakuna aliyepigwa. We hukuwahi kukaa chini kujifunza maana za piga. Ulimsikia mama anasema piga deki ukamuona na tambara, ikaisha. Na "run" ifanye hivohivo, kwenye daftari lako usiandike "run" halafu namba moja mpaka kumi na tisa, andika sentensi nzima kama mgeni alivyoitamka, na pembeni andika alichokuwa anakitaka. Usitafsiri neno, andika hitaji.

Na nikwambie kingine kitakachokusaidia kukumbuka lile lililokuumiza. Kiswahili chetu kina "endesha". Unaendesha gari, unaendesha biashara, na mtu akila kitu kibaya tunasema tumbo linamuendesha. Waingereza wana "run a business" na wana "the runs". Lugha mbili hazina undugu wowote zimefika palepale. Mi nikiwaambia wanafunzi hili hawasahau tena.

Nahodha_wa_Pwani
Ticha shikamoo, nakubaliana na wewe ila sio kwa yote. Mi naona kuna mzizi mmoja, kitu kinachokwenda bila kukatika. Maji, injini, pua yenye mafua, basi linalokwenda kila saa, programu kwenye kompyuta, zote "run". Akiushika huo mzizi nusu ya kazi imeisha. Sisi tu ndio tunasema gari linatembea, wao gari lao linakimbia hata likiwa limesimama taa nyekundu, maana injini inawaka.

Ticha_Mstaafu
Marahaba nahodha. Huo mzizi upo na unasaidia kuelewa, lakini hausaidii kukisia ukiwa kaunta na mgeni anasubiri. "Run out" ni kuisha, "run into" mtu ni kukutana naye bila kutarajia, "run over" mtu ni kumgonga na gari. Tofauti ni kineno kidogo cha nyuma, na hapo ukikisia unaweza kudhani kuna ajali wakati mgeni kakutana na rafiki yake sokoni. Hata wao wenyewe hawaafikiani, Mmarekani anayegombea urais wanasema "runs", Mwingereza anayegombea ubunge wanasema "stands", yaani mmoja anakimbia mwingine amesimama na wote wanataka kura. Binti, tafuta kamusi ya Oxford ya wanafunzi, nenda mwisho kabisa wa maelezo ya "run", huko ndiko wamezikusanya hizo zenye vineno vya nyuma. Anza na hizo, mbilimbili kwa siku.

MamaZuu
Na usiogope kumuuliza mgeni. Kama hujaelewa mwambie "sorry, do you mean..." halafu taja unachodhani. Hakuna mgeni aliyewahi kunikasirikia kwa kuuliza, wanakasirika ukijibu kitu kingine.

BintiMoro
Asanteni sana, ticha shikamoo. Nimefuta zile namba nimeanza upya na sentensi nzima kama ulivyosema. Jana mgeni kaniambia "I'll run it by my wife first" kuhusu safari ya kwenda kuona pomboo, nikamuuliza kama alivyosema mama Zuu, kumbe anataka kumuuliza mkewe kwanza kabla hajalipia. Nikamshikia nafasi mbili mpaka jioni. Kuna moja bado, watu wa baa wanasema mgeni "is running a tab", hiyo nayo ni kukimbia bila kulipa?

MamaZuu
Hapana mwanangu, anakunywa unaandika, analipa mwisho. Hakikisha tu namba ya chumba umeichukua mapema.

Ticha_Mstaafu
Anayekimbia bila kulipa ni "run off". Andika zote mbili ukurasa mmoja.